Siku Moja ya Kutembea Guangzhou Katikati ya Safari ya Maonesho

Mwongozo huu ni wa watu wanaokwenda Guangzhou kikazi wakiwa kundi: wafanyabiashara waliochanga nauli pamoja, maofisa manunuzi wa kampuni, wajumbe wa chama cha wenye viwanda, mafundi waliotumwa kukagua mashine. Wengi wao hurudi nyumbani wakiwa wameiona China kupitia dirisha la basi la hoteli na kumbi za maonesho tu. Siku moja ya kutembea inapatikana bila kuharibu kazi. Kinachoiharibu mara nyingi ni maandalizi yasiyofanyika jioni ya kuamkia siku hiyo, na ndiyo maana sehemu kubwa ya maelezo haya inahusu mambo ya kumaliza kabla hujatoka hotelini.

Chagua siku yenyewe

Maonesho ya biashara ya Canton (jina la zamani la Guangzhou kwa Wazungu) yalianza mwaka 1957 na hufanyika mara mbili kwa mwaka katika kumbi za Pazhou, upande wa kusini wa Mto Pearl. Kwa ratiba ya miaka ya karibuni kila msimu una awamu tatu za siku tano tano. Msimu wa masika huwa tarehe 15 hadi 19 Aprili, 23 hadi 27 Aprili, kisha 1 hadi 5 Mei. Msimu wa vuli ni 15 hadi 19 Oktoba, 23 hadi 27 Oktoba, kisha 31 Oktoba hadi 4 Novemba. Kati ya awamu na awamu kuna siku tatu ambazo kumbi zimefungwa ili mabanda yabadilishwe. Siku yako ya kutembea iko humo.

Katika hizo tatu, chukua ya pili. Siku ya kwanza wauzaji bado wanatuma bei walizoahidi bandani, na wengine wanataka kukupeleka kiwandani Foshan au Dongguan ungali na hamu. Siku ya tatu wanaoingia awamu inayofuata wanapanga orodha zao, na waliomaliza wanafunga mizigo. Ya pili ndiyo tulivu.

Mambo mawili yanaweza kuivuruga hesabu hiyo. La kwanza ni Jumatatu: makumbusho mengi ya China hufungwa siku hiyo, hivyo ikiangukia Jumatatu sogeza siku moja au badilisha njia. La pili ni sikukuu ya Mei Mosi. Wachina huwa na mapumziko ya siku kadhaa kuanzia tarehe 1 Mei, na kila kivutio hufurika. Anayehudhuria awamu ya tatu ya masika asijidanganye kwamba atachomoka tarehe 2 kwenda kutembea. Atasimama kwenye foleni tu. Atembee tarehe 29 Aprili.

Omba ruhusa kwa maandishi, kwa maneno machache

Hata msafara wa wafanyabiashara huru una kiongozi, rasmi au wa heshima tu, na msafara wa ofisi una ratiba iliyosainiwa. Mambo matatu huwaudhi viongozi: kupata habari asubuhi ileile, kutojua nani anashika kazi ya aliyetoka, na kutojua atarudi saa ngapi. Ujumbe unaojibu yote matatu hukataliwa kwa nadra. Mfano:

"Shikamoo mzee. Naomba tarehe 21 mimi na wenzangu watatu tutoke kutembea mjini kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tatu usiku. Sampo (sampuli) za mabomba zikiletwa, Mama Neema atazipokea na ana orodha ya vipimo. Kuanzia saa saba mchana nitapatikana kwenye simu. Gharama ni zetu wenyewe."

Sentensi ya mwisho ina uzito kwa waliotumwa na mwajiri. Kama unalipwa posho ya kila siku, uliza mapema siku ya mapumziko inahesabiwaje, na kama bima ya safari inakulinda ukiwa nje ya ratiba ya kazi. Bima nyingine hufunika siku zote za safari, nyingine hufunika shughuli za kikazi tu. Tofauti hiyo ni bora uijue kabla hujateguka kifundo kwenye ngazi za bustani ya Yuexiu.

Kabidhi kazi kwa mtu mwenye mamlaka

Hapa ndipo siku nyingi za kutembea hufia. Muuzaji anatuma picha ya sampo saa tano asubuhi akitaka jibu: rangi hii au ile, unene wa milimita 1.2 au 1.5. Aliyeachwa hotelini hana ruhusa ya kuamua, aliyeamua yuko ndani ya jumba la makumbusho, na kiwanda kinaahirisha kukata mali hadi kesho. Siku moja ya kiwanda ikipotea, kontena linaweza kukosa meli ya wiki hiyo.

Andika karatasi moja, au ujumbe mmoja, kwa kila oda iliyo hai: jina la muuzaji, namba ya profoma (ankara ya awali), bei ya mwisho mnayoikubali, kipimo ambacho hakibadiliki, na kipimo ambacho msaidizi anaweza kukubali mbadala wake. Mwisho andika waziwazi: hakuna malipo yoyote leo. Utaratibu wa kawaida ni kutanguliza asilimia 30 na kumalizia 70 kabla ya mzigo kupakiwa, na muuzaji akisikia mkuu wa msafara ametoka, shinikizo la "tanguliza leo upate bei ya jana" huongezeka. Msaidizi akiwa na maandishi ya kumkinga, hasukumwi.

Mkalimani hulipwa kwa siku, basi amua mapema: anabaki na kazi hotelini, anakwenda nanyi, au anapumzika bila malipo. Ushauri wetu ni abaki na msaidizi. Njia tunayoeleza hapa haihitaji mkalimani, kwa kuwa majina ya vituo vya treni na matangazo yake yako pia kwa Kiingereza.

Tumia tofauti ya saa

Guangzhou iko saa tano mbele ya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, na saa sita mbele ya Bujumbura, Kigali na Lubumbashi. Benki ya Dar ikifungua saa mbili na nusu asubuhi, Guangzhou ni saa saba na nusu mchana. Maana yake asubuhi yote ya Guangzhou nyumbani wamelala: bosi hapigi, benki haipigi, mke au mume hapigi. Weka matembezi mazito asubuhi. Kuanzia saa saba mchana uwe umekaa mezani, mahali penye chakula na pa kuchajia simu, kwa saa moja na nusu. Maliza mambo ya nyumbani hapo, halafu endelea.

Na saa za Kiswahili zinawachanganya wengi wakipanga na Wachina. "Saa mbili" ya kwetu mwenzako anaisikia saa nane mchana au saa nane usiku. Kwenye ujumbe wa WeChat, programu ya kuwasiliana wanayotumia Wachina, andika tarakimu za saa 24: 08:00, 13:30, 20:00.

Jioni ya kuamkia siku hiyo

1. Pasipoti. Utatembea na pasipoti yenyewe. Nakala pekee haitoshi. Sheria ya China inamtaka mgeni mwenye umri wa miaka 16 na zaidi awe nayo, ukaguzi wa polisi ni wa kawaida katika maeneo yenye wageni wengi kama Xiaobei, na makumbusho huandikisha tiketi kwa namba ya pasipoti. Iweke mfuko wa ndani wenye zipu. Picha ya ukurasa wa jina na wa viza ibaki kwenye simu yako na kwenye simu ya mwenzako.

2. Usajili wa polisi. Ukilala hotelini, hoteli inakusajili wakati wa kuingia. Ukilala kwenye fleti ya ndugu au rafiki, unatakiwa kujisajili kituo cha polisi ndani ya saa 24 tangu ufike. Asiyejisajili asianze matembezi kabla hajamaliza hilo.

3. Kadi ya anwani. Omba mapokezi kadi ya hoteli yenye anwani kwa herufi za Kichina, uipige picha. Dereva wa teksi mara nyingi hasomi anwani iliyoandikwa kwa herufi zetu.

4. Mtandao. Google, WhatsApp, Facebook na Instagram hazifunguki kwenye intaneti ya kawaida ya China, ikiwemo Wi-Fi ya hoteli. Laini ya nyumbani iliyofunguliwa kutumika nje kwa kawaida huzifungua, kwa sababu data yake hupita kwa mtandao wa nyumbani, ila bando lake ni ghali. Kundi zima liwe kwenye WeChat, na akaunti zifunguliwe kabla ya kuondoka nyumbani: mara nyingi akaunti mpya huhitaji kuthibitishwa na mtu ambaye tayari anatumia WeChat, na kumtafuta ukiwa Guangzhou usiku ni taabu.

5. Ramani. Usitegemee ramani za Google hata zikifunguka. China hutumia mfumo wake wa kuonyesha mahali kwenye ramani, na alama yako inaweza kuonekana mtaa wa pili. Pakua Amap, au tumia ramani za Apple kama una iPhone.

6. Pesa. Unganisha kadi ya Visa au Mastercard kwenye Alipay, programu ya Kichina ya kulipia kwa simu, na ukamilishe uthibitisho wa pasipoti. Jaribu kwa kununua maji dukani jioni hiyohiyo. Kadi nyingi za Afrika Mashariki hukataa malipo ya kwanza kwa sababu benki haijaruhusu matumizi ya nje ya nchi, na ukigundua asubuhi, benki yako haifungui hadi mchana wa Guangzhou. Malipo ya chini ya yuan 200 hayana ada ya kadi ya kigeni. Kuanzia hapo hukatwa asilimia 3. Beba pia yuan 300 taslimu katika noti ndogo za 5, 10 na 20.

7. Begi. Mwavuli (Aprili mvua ya Guangzhou haipigi hodi), tishu, chupa ya maji, pawabenki, dawa zako. Tishu si pambo: vyoo vingi vya umma ni vya kuchuchumaa na havina karatasi. Acha kisu na mkasi, kwa kuwa kila kituo cha treni kina mashine ya kukagua mizigo.

8. Beji ya maonesho ibaki chumbani. Ukitembea nayo shingoni, kila mpiga debe anajua una pesa ya biashara. Ikipotea, kesho yake unaanza foleni ya kutafuta nyingine.

Ukubwa wa kundi

Wanne. Teksi hubeba abiria wanne, meza ya mgahawa hukaa wanne, na wanne huingia behewa moja bila kutawanyika. Mkiwa wanane, gawanyikeni makundi mawili yenye njia ileile na mkutane mara mbili tu: chakula cha mchana na jioni kwenye Mnara wa Canton. Kundi la watu kumi na wawili hutumia nusu ya siku likisubiri mmoja aliyekwenda chooni na mwingine anayeuliza bei ya sanduku.

Kanuni ya kupotezana kwenye treni iwekwe kabla: mlango ukimfungia mtu nje, apande treni inayofuata upande uleule, waliotangulia washuke kituo kinachofuata na wasimame palepale waliposhukia. Treni hufuatana kwa dakika chache. Kila mtu akianza kurudi nyuma kumtafuta mwenzake, mtapishana njiani mara tatu.

Njia ya siku nzima

Tumechagua upande wa zamani wa mji, magharibi na kaskazini mwa mto, na mnara uwe wa usiku. Vyote vinaunganishwa na treni za chini ya ardhi zinazoanza mnamo saa kumi na mbili asubuhi hadi karibu saa tano usiku. Nauli huanzia yuan 2. Siku nzima haitazidi yuan 20 au 25 kwa mtu. Unaweza kutumia msimbo wa usafiri ndani ya Alipay, au kununua kidonge cha plastiki kwenye mashine: unakigusisha kuingia, unakitumbukiza kutoka. Kisipotee, maana bila hicho hutoki.

Kituo cha kwanza, saa tatu asubuhi: Makumbusho ya Mfalme wa Nanyue. Walio Xiaobei wapande mstari wa 5 kituo kimoja hadi Guangzhou Railway Station, wahamie mstari wa 2 kituo kimoja hadi Yuexiu Park. Walio Pazhou wapande mstari wa 8 hadi Changgang, kisha mstari wa 2 kuelekea kaskazini. Kaburi la mfalme huyo liligunduliwa mwaka 1983 wakati wa ujenzi kilimani, likiwa na mwili wa Zhao Mo, mfalme wa pili wa Nanyue, ufalme wa kale wa kusini mwa China, aliyefariki karibu mwaka 122 kabla ya Kristo. Alizikwa ndani ya vazi la vipande 2,291 vya jiwe la jade vilivyoshonwa kwa nyuzi za hariri. Utashuka ndani ya kaburi lenyewe. Dari ni fupi, angalia kichwa.

Mtu wa pwani yetu asipite haraka chumba cha vitu vya biashara. Mna ubani, mna kijaluba cha fedha cha mtindo wa Kiajemi, na mna pembe za ndovu zilizotambuliwa kuwa za tembo wa Afrika. Bidhaa hizo zilivuka bahari zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Baadaye bakuli na sahani za China zilisafiri upande wa pili hadi Kilwa, ambako vipande vyake vinaokotwa hadi leo kwenye magofu. Tiketi ni yuan 10 hivi. Saa moja na nusu inatosha.

Kituo cha pili, saa nne na nusu: bustani ya Yuexiu, ng'ambo ya barabara, bure. Panda hadi sanamu ya Mbuzi Watano. Hadithi ya wenyeji inasema wazee watano wa mbinguni walikuja wamepanda mbuzi, wakaleta masuke ya mpunga mji ulipokuwa na njaa. Ndiyo maana Guangzhou huitwa Mji wa Mbuzi. Kisha endelea hadi mnara wa Zhenhai, jengo jekundu la ghorofa tano lililojengwa kwanza mwaka 1380. Ngazi ni nyingi. Mwenye goti bovu aishie kwenye mbuzi, akae kivulini na kusubiri.

Siku ikiwa Ijumaa, Waislamu wa kundi wana jambo kubwa zaidi jirani: msikiti wa Xianxian, wenye kaburi ambalo kwa mapokeo ya Waislamu wa China ni la swahaba Saad bin Abi Waqqas. Uko mwendo wa miguu kutoka bustanini, barabara ya Jiefang Bei. Ijumaa hujaa Waafrika, Waarabu na Wachina hadi uani. Fika mapema, mavazi ya heshima, na msogeze chakula cha mchana hadi baada ya swala.

Chakula na simu, kuanzia saa saba mchana. Nenda Xiaobei: mstari wa 2 kituo kimoja hadi Guangzhou Railway Station, kisha mstari wa 5 kituo kimoja. Hapo kuna migahawa ya halali ya Waislamu wa China, ya Kiarabu, na ya Kiafrika penye ugali na wali wa nazi wa kuungaunga. Alama ya kutafuta mlangoni ni 清真, mara nyingi kwenye bango la kijani. Supu ya tambi za kuvutwa kwa mkono yenye nyama ya ng'ombe hushibisha kwa bei ndogo. Kwingineko mjini nguruwe yumo hata kwenye kitu kinachoonekana cha mboga, kwa sababu mafuta yake hukaangia. Mwonyeshe mhudumu maandishi haya kwenye simu: 我不吃猪肉, yaani sili nguruwe. Ukihofia mafuta, njia salama ni mgahawa wenye alama ile tu.

Hapahapa chajini simu na mjibu nyumbani. Na hapahapa kuna watu wa kubadilisha pesa mtaani, wapite. Noti bandia za yuan 100 huingia mikononi mwa wageni kwa njia hiyo, na pia kwa dereva anayedai noti uliyompa ni mbaya akikurudishia nyingine.

Kituo cha tatu, saa nane na nusu: Jumba la Ukoo wa Chen. Rudi kwa mstari wa 5 kituo kimoja, kisha mstari wa 2 hadi Gongyuanqian, hamia mstari wa 1, shuka kituo cha pili, Chen Clan Academy. Jengo lilikamilika mwaka 1894 kwa michango ya familia za ukoo wa Chen kutoka wilaya 72 za Guangdong, ili vijana wao waliokuja mjini kwa mitihani ya ufalme wapate pa kufikia. Mitihani yenyewe ilifutwa mwaka 1905, wakabaki na jumba. Inua macho: uzuri wake uko juu ya paa, ambako safu nzima za watu, farasi na majoka ya udongo wa kuchoma wa Shiwan zimepangwa kama jukwaa la maigizo. Wanaoagiza vigae na vyombo vya udongo kutoka Foshan watambue kwamba Shiwan ni eneo la Foshan. Kama hufungwa Jumatatu, na saa za mwisho za kuingia, angalia siku moja kabla.

Walio Pazhou ambao hawawezi kumaliza njia yote wana mkato mzuri hapa: mstari wa 8 unatoka Pazhou moja kwa moja hadi kituo hiki bila kubadilisha treni. Nusu siku ya Jumba la Chen na kisiwa cha Shamian inawatosha.

Kituo cha nne, saa kumi na robo: Shamian. Mstari wa 1 vituo viwili hadi Huangsha, vuka daraja la miguu. Ni kisiwa kidogo, kama mita 900 kwa 300, ambacho Waingereza na Wafaransa walijitwalia baada ya Vita vya Pili vya Kasumba na kukigawana, Waingereza wakichukua sehemu kubwa. Majengo ya benki na makampuni yao yangalipo chini ya miti mikubwa. Hapa hakuna tiketi wala foleni. Kaeni kwenye benchi, vueni viatu. Mtaona maharusi wakipigwa picha kila kona.

Kituo cha tano, jioni: Mnara wa Canton. Toka Shamian upande wa mashariki hadi kituo cha Cultural Park, mstari wa 8 hadi Kecun, kisha mstari wa 3 kituo kimoja. Mnara una mita 600 na ulifunguliwa mwaka 2010, mwaka wa Michezo ya Asia. Kupanda hadi sakafu ya kutazamia ya mita 433 hugharimu kuanzia yuan 150 hivi. Kusema kweli, ukiwa juu ya mnara kitu usichokiona ni mnara. Picha nzuri ziko ng'ambo ya mto, uwanja wa Huacheng, bure. Daraja la waenda kwa miguu la Haixin linakuvusha. Jua huzama karibu saa moja kasorobo jioni mwezi Aprili, na mapema zaidi mwishoni mwa Oktoba, basi fikeni dakika 20 kabla.

Mtego wa Hong Kong

Kila msafara una mtu anayesema Hong Kong iko karibu, treni ya kasi haifiki saa moja na ushei, twende tukarudi jioni. Ni kweli iko karibu. Lakini kwa hesabu za viza, kwenda Hong Kong au Macau ni kutoka China bara. Mwenye viza ya kuingia mara moja akivuka, ameimaliza. Jioni atakataliwa kurudi, huku nguo, sampo na wenzake wakiwa Guangzhou. Soma kwenye viza yako mstari wa idadi ya kuingia: 01 maana yake usivuke. Shenzhen iko China bara na haina tatizo hilo, ila vituo vya Luohu na Futian Kou'an ni vya mpakani. Ukifuata umati ovyo utajikuta kwenye dirisha la uhamiaji.

Anayetaka kutoka nje ya mji aende Foshan. Treni ya chini ya ardhi inafika, na hekalu la kale la Zumiao liko kwenye kituo chenye jina hilohilo. Asiwaambie wauzaji wake wa samani kwamba yuko Foshan, la sivyo siku imekwisha.

Manunuzi yasimeze siku

Weka mpaka: kila mtu ana ruhusa ya kununua vinavyoingia kwenye begi lake la mgongoni, basi. Akinunua sanduku la magurudumu saa tano asubuhi, kundi zima litalivuta kwenye ngazi hadi usiku. Wanaotaka maduka ya jumla ya midoli na mapambo ya Yide Lu wawe na siku yao, na iandikwe kuwa ya kazi.

Kurudi

Saa tatu usiku muwe mmefika. Mkichelewa, itisheni gari la Didi ndani ya Alipay kwa kubandika anwani ya Kichina ya hoteli. Hakikisheni namba ya gari kabla ya kupanda. Andikeni kwenye kundi la WeChat kwamba mmefika, majina yote manne. Chukua karatasi ya oda kwa msaidizi na upitie kila jibu alilotoa kabla hujalala, kwa kuwa wauzaji wengi bado wako macho na hujibu hadi saa nne au saa tano usiku. Kosa likionekana saa hiyo hurekebishika. Asubuhi kiwanda kimeshaanza kukata.

Kama njia yote mmeitembea, miguu itakuwa imekwenda kilomita kumi na kitu. Kumbi za Pazhou zitataka nyingine kama hizo awamu ikifunguliwa saa tatu na nusu asubuhi. Bandika plasta kwenye malengelenge usiku huohuo, na asubuhi vaa jozi nyingine ya viatu.